Chenso (msumeno wa injini) inawaka ikiwa baridi, ikipata moto inazima na kugoma. Mafundi wa Kigoma nisaidieni

Mwana wa Heru

Mwakeye wakuu.

Nipo Kasulu, upande wa Heru Juu. Mzee wangu alipanda mikaratusi nyuma ya nyumba miaka hiyo, sasa imekomaa na tumepata mteja wa mbao. Badala ya kukodi mtu wa chenso nikaona ninunue yangu. Nikaipata mkononi kwa kijana mmoja aliyekuwa anahama, ya Kichina, cc 58, ina baa (ule upanga unaobeba cheni) ya inchi 20. Ilikuwa safi kwa macho.

Tatizo lipo hivi. Asubuhi navuta choki, navuta kamba mara tatu inakohoa, narudisha choki, ya nne inawaka kama mpya. Inakata vizuri robo saa mpaka dakika ishirini. Halafu inazima ghafla, hata kumisi haimisi, kama mtu kazima swichi. Hapo vuta kamba mpaka bega liteguke, haiwaki ng'o. Nikiiacha kivulini nusu saa, nikanywa uji nikarudi, inawaka mvuto wa pili. Dakika kumi, imezima tena.

Nimeipeleka kwa fundi pikipiki. Amefungua kabureta akaipuliza, akabadili plagi, akazungusha skrubu zote tatu. Pale kwake ikawaka, akaniambia "umeona?" Nikalipa. Kumbe ilikuwa imelala baridi tangu jana yake, ingeachaje kuwaka? Na tangu aiguse, cheni inazunguka hata nisipominya resi.

Magogo matano yapo chini na mteja anapiga simu kila jioni. Natanguliza shukrani.

Mwisho wa Reli

Ngoja waje. Mimi nimevuta kigoda, kahawa ipo.

Jembe Halimtupi

Mchina ndiyo zake. Uza hiyo, tafuta ya Mjerumani hata kama ni mtumba, utakuja kunishukuru.

Mwana wa Heru

Mkuu, hela ya Mjerumani ningekuwa nayo ningekuja kulia humu?

Gunia la Mawese

Hiyo ni kabureta tu. Kasulu mko juu, hewa nyepesi, mashine inakosa mafuta. Fungua skrubu ya H nusu mzunguko iongeze petroli. Kazi kwisha.

Tupa ya Duara

Hapana Gunia, umeigeuza. Ukipanda juu hewa ndiyo inayopungua, petroli inabaki ile ile, kwa hiyo mashine inazidiwa na mafuta: inatoa moshi, inakuwa nzito, resi haipandi. Ukimwongezea tena petroli unamzamisha kabisa. Na mashine inayokosa petroli huwa inaaga. Inapandisha mlio kama inalia, inadidimia, ndiyo inazima. Huyu ndugu anasema "kama mtu kazima swichi". Hilo neno mimi nimelisoma mara mbili.

Mwana wa Heru, nimekata mbao Uvinza miaka mingi, siku hizi mgongo umekataa, natengeneza tu hapa nyumbani. Kosa lenu wewe na fundi wako ni moja: mnampima mgonjwa akiwa ameshapona. Ugonjwa wa moto unapimwa kwenye moto. Beba spana ya plagi, bisibisi na kitambaa uende navyo shambani. Kata mpaka izime. Ikizima tu, usikae chini, usivute kamba mara hamsini. Fanya hivi.

Kwanza mfuniko wa tangi la petroli. Ufungue taratibu sana, uso uwe mbali, eksozi iwe upande wa pili, maana tangi la moto linaweza kuruka petroli. Tangi lina kipumulio kidogo. Kikizibwa na vumbi la mbao, petroli ikipungua ndani hakuna hewa ya kuingia kujaza nafasi, kabureta inavuta bure. Ukisikia tangi linavuta pumzi kwa nguvu, kisha ukifunga mashine ikawaka papo hapo, umeshampata mwizi.

Kama bado, funga mfuniko vizuri, futa petroli yote iliyomwagika, sogea hatua kadhaa. Fungua plagi kwa kitambaa, itakuwa ya moto. Itazame. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika ila hayachomwi.

Mwisho irudishe plagi kwenye kofia yake, gusisha nyuzi zake (yale meno ya skrubu) kwenye chuma cha silinda, mbali na tundu ilikotoka, halafu vuta kamba. Fanya kivulini, juani hutaona kitu. Cheche ya buluu inayopiga kwa sauti ni nzima. Hakuna cheche, achana na kabureta, tatizo lako ni umeme.

Na hiyo cheni kuzunguka bila resi usiilaze hata leo. Fundi wako ameipandisha sailensa, yaani mwendo wa injini usipominya resi. Skrubu iliyo peke yake, mara nyingi ina alama ya T au LA, irudishe kinyume na saa kidogo kidogo mpaka cheni isimame huku mashine inaunguruma. Ikikataa kusimama, springi za klachi zimelegea. Mimi nina alama ya mshono juu ya goti kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Mwana wa Heru

Asante mzee. Kesho asubuhi naingia nayo shamba.

Dada wa Spea

Naongeza neno kabla hujaenda kununua kitu. Ukikosa cheche, watu wote watakwambia koili, kile kifaa kinachotoa umeme wa cheche. Mimi nauza spea pale Mwanga, Kigoma mjini, ningenyamaza nikuuzie, ila nimechoka na wateja wanaorudi na koili mpya mkononi wakidai ni mbovu.

Kwenye chenso swichi haipeleki umeme popote, inauua. Kuna waya mwembamba unatoka kwenye koili kwenda kwenye swichi. Ukizima, swichi inaugusisha na bodi na cheche inaishia hapo. Sasa waya huo ukichubuka ukagusa chuma njiani, mashine inajua umezima. Kwa hiyo ikikosa cheche ikiwa ya moto, fungua kava la feni, chomoa waya wa swichi pale kwenye koili, jaribu cheche tena hapo hapo. Ikirudi, koili ni nzima, unatafuta waya. Isiporudi, ndiyo uje kwangu.

Angalizo: waya ukiwa umechomolewa swichi haizimi mashine. Itazimwa kwa kuvuta choki. Ni kwa kupima tu, usiende kukata mti hivyo.

Jembe Halimtupi

Dada wa Spea unaharibu biashara yako mwenyewe.

Dada wa Spea

Biashara yangu ni mtu arudi tena, kaka.

Tupa ya Duara

Huyo dada msikilizeni. Swali nimesahau: petroli unachanganya vipi?

Mwana wa Heru

Oili ya tu-stroke, vizibo viwili vya chupa ya maji kwa lita moja. Ndivyo alivyonielekeza aliyeniuzia.

Tupa ya Duara

Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20, halafu pima kizibo chako kinaingia ngapi, uje utuambie.

Mwana wa Heru

Nimepima na maji. Kizibo kimoja mililita 6. Kwa hiyo nilikuwa naweka 12 kwa lita.

Tupa ya Duara

Unaua mashine. Hata zile zinazokunywa oili kidogo, uwiano wa 50 kwa 1, zinataka mililita 20 kwa kila lita. Hizi za Kichina nyingi kitabu chake kinasema 25 kwa 1, yaani 40, bomba mbili zilizojaa. Angalia kwenye kitabu au kwenye mfuniko wa tangi. Yako inakula chuma kwa chuma. Mwaga hiyo iliyobaki kwenye dumu la pikipiki, usiimalizie humo.

Gunia la Mawese

Mimi kizibo natumia mwaka wa tatu huu 😳

Mwisho wa Reli

Gunia na wewe kanunue sindano.

Mwana wa Heru

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, mvua ilitushika siku mbili.

Nimechanganya mililita 40 kwa lita, nikaanza na gogo la kwanza. Dakika ya kumi na tano, kimya. Nikafungua mfuniko pole pole kama mzee alivyosema: hakuna kuvuta pumzi, na haikuwaka. Plagi nimeitoa imelowa. Nikaigusisha kwenye silinda, mdogo wangu akavuta kamba, mimi nimekodoa macho. Hakuna kitu. Giza.

Nikafungua kava la feni na mikono inatetemeka kwa sababu nilishaanza kupiga hesabu ya nauli ya Kigoma mjini. Nikachomoa waya mwembamba, mweusi. Mdogo wangu akavuta: tak! tak! Buluu!

Tukaufuata huo waya kwa vidole. Unapita nyuma ya silinda, na kuna mahali kibanio chake hakipo, kimevunjika zamani. Waya umelala moja kwa moja juu ya mapezi ya silinda. Plastiki yake imeyeyuka kipande kama cha punje ya mchele, shaba inaonekana. Ikiwa baridi plastiki inakuwa ngumu na waya unakaa juu kidogo, hauigusi silinda. Ikipata moto inalegea, unalala, unagusa. Nikiweka kidole nikauinua, cheche ipo. Nikiuachia, hakuna.

Nimekata kipande cha mpira wa mafuta wa pikipiki, nikauvisha waya, nikaupitisha mbali na silinda na kuufunga kwa waya wa binding. Nimerudisha swichi, inazima vizuri. Jana nimekata matangi matatu mfululizo, inazima nikitaka mimi. Sailensa nimeishusha, cheni imetulia.

Kuna kitu kingine ila. Nilifungua eksozi nichungulie pistoni, nikaona mikwaruzo upande huo. Mistari myembamba, kucha inaikamata kidogo. Nimalize kazi au nisimame?

Dada wa Spea

Hongera. Umenikosesha koili moja.

Tupa ya Duara

Huyo waya ningemlaumu wa mwisho, nakiri.

Mikwaruzo hiyo ni vizibo vyako. Haifutiki, ila mashine nyingi zinafanya kazi nayo mwaka na zaidi zikipata oili ya kutosha. Kabla hujaamua, ishike mpini wa kamba uining'inize chenso hewani, swichi ikiwa imezimwa. Ikishuka taratibu kwa kukwama kwama, bado ina pumzi. Ikidondoka kama ndoo kisimani, ringi zimekwenda, usianze mti wa pili.

Mwana wa Heru

Imeshuka kwa kukwama. Mara nne kabla haijafika chini.

Tupa ya Duara

Kamalize magogo ya watu.