Watoto wa Mzee

[7:02] Rehema: Hamjambo wote. Leo tuamue. Baba aambiwe ugonjwa wake, au tuendelee kumdanganya?

[7:41] Rehema: Alama za bluu naziona. Mmesoma watu 11.

[8:15] Baba Mdogo Hamisi: Mgonjwa akisikia saratani anakufa kabla ya siku zake. Mgonjwa hutiwa moyo. Ndivyo tulivyokuta.

[8:18] Rehema: Shikamoo Baba Mdogo. Hata madaktari waliamini hivyo. Mwaka 1961 huko Marekani, asilimia 90 ya waliohojiwa walisema afadhali mgonjwa wa saratani asiambiwe. Mwaka 1979 wakahojiwa wengine, asilimia 97 wakasema aambiwe. Miaka 18 tu wamegeuka kabisa, na sisi bado tumeshikilia ya 1961.

[8:19] Juma: Da Rehema umeamka na makabrasha 😂 1979 Baba ana afro na bugaluu

[8:20] Bakari: Ile picha nani anayo?? 😂😂

[8:20] Juma: Iko kwa Salma

[8:26] Rehema: Juma, acha. Picha baadaye.

[9:48] Salma: Nimetoka kumwogesha. Jana mlivyoniagiza, nilibandua karatasi kwenye chupa ya dawa asisome. Alipoishika akapitisha kidole gumba pale penye gundi, polepole, mara mbili. Akaniangalia. Akanywa, akasema ahsante mwanangu. Mimi siwezi tena.

[9:51] Salma: Na kwa Mama mlinifunga mdomo hivihivi. Aliniuliza usiku, tukiwa wawili, nikamwambia ni vidonda vya tumbo. Alikuwa na la kusema. Ameondoka nalo.

[9:58] Baba Mdogo Hamisi: Ya marehemu tusiyafukue.

[9:59] Salma: Kila mwaka mnasema hivyo.

[10:30] Mwajuma: Samahanini, nilikuwa kazini. Kuna nini?

[11:05] Shangazi Mkubwa: Ni Asha hapa, naandika anavyosema Bibi, neno kwa neno. "Mdogo wangu amemzika baba yetu, mama yetu na mke wake. Kifo anakijua kuliko ninyi. Mwili ni wake. Msimtwishe asichotaka, wala msimnyime anachouliza. Muulizeni kwanza anataka kujua kiasi gani. Na aulize Hamisi, maana ndiye anayeogopa."

[11:52] Rehema: Tumesikia, Shangazi. Basi Jumamosi saa kumi jioni: Baba Mdogo, Salma, na daktari nitamwomba mimi. Sawa Baba Mdogo?

[12:40] Rehema: Baba Mdogo?

[13:22] Juma: Jumamosi sina uhakika, nitawaambia

[14:10] Baba Mdogo Hamisi: Nitakuja. Kusema sijaahidi.

[14:12] Salma: Baba anauliza simu yangu inalia nini tangu asubuhi.

[14:12] Rehema: Mwambie

[14:13] Rehema: Subiri kwanza