Tupeane uzoefu: boliti iliyokukatikia kwenye manifoldi ya ekzosi

Lori la Mzee
Wakuu, tangu asubuhi nimeinama kwenye injini ya lori la baba, la mwaka 1978, dizeli, silinda sita kwa mstari. Nilitaka kushusha manifoldi ya ekzosi, lile bomba la kukusanya moshi wa injini, niisugue na kuipaka rangi, maana kutu inabanduka magamba. Stadi (boliti zisizo na kichwa, zinazofungwa kwa nati) kumi na moja zimetoka. Ya kumi na mbili, ile ya nyuma kabisa karibu na ukuta wa kabini, imekatika sawasawa na uso wa silinda hedi. Nati inayoachia hulia, kwii, ndipo inasogea. Hii haikulia. Spana ililainika tu mkononi kana kwamba boliti imegeuka nta, nikajua imekwenda. Aliyewahi kukutwa na haya aseme, na alitokaje.

Keekee
Ya nyuma! Kila siku ni ya nyuma.

Fundi Shaba
Si bahati mbaya. Manifoldi ndefu ikipata moto inatanuka kuelekea ncha zote mbili, ikipoa inajirudi. Stadi za katikati hazisumbuki sana, za mwishoni zinapindwa kila safari, miaka na miaka. Yako huenda ilishakuwa na ufa, spana imemalizia. Usijilaumu, kijana. Na drili iache kwanza. Weka washa, kile kiduara bapa cha chuma, juu ya kisiki kilichobaki, jaza tundu lake kwa kuchomelea, kisha chomelea nati juu ya washa. Moto unaitanua stadi, inajibana, ikipoa inanywea na kutu inapasuka. Kabla haijapoa kabisa igusishe mshumaa, nta itanyonywa kwenye nyuzi. Nati ikiachana na kisiki, chomelea nyingine. Kuna moja ilinila nati tano.

Nyundo Nzito
Mimi kabla ya kufungua huwa nakaza kidogo kwanza, ndipo narudisha nyuma. Inavunja kutu.

Keekee
Ukikaza ndipo unapoikata, mkuu. Loweka siku tatu, mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, tikisa kila unapotaka kutia maana hayachanganyiki vizuri.

Msasa80
Nimesoma hapo juu mikono imeanza kuniuma. Yangu ilikatika jioni, gari linatakiwa safari alfajiri. Nikatoboa kisiki, nikapiga izi-auti, kile kijiti cha kung'olea boliti zilizokatika, kwa nyundo, nikaizungusha. Tak. Ikakatikia humo humo. Sasa ndani ya stadi kuna chuma kigumu kuliko keekee zangu zote. Nilisukuma drili saa nzima, ncha inang'aa tu na kuteleza. Mara ikapata njia, nikafurahi, kumbe imehama pembeni na inakula hedi yenyewe. Nilijua niliposikia kitu chenye uvuguvugu kinatiririka kwenye kiganja. Nikakiangalia kwa tochi: maji ya rejeta. Nilikuwa nimetoboa njia ya maji. Nilikaa kwenye tairi, sikusema neno. Hedi ikashushwa, ikapelekwa kwa wakereza, wakaliziba tundu na kutia nyuzi mpya. Wiki mbili gari halijasogea. Hadi leo izi-auti haingii kwenye boksi langu.

Nyundo Nzito
Pole, lakini kosa si la izi-auti. Kama stadi ilikataa spana ikiwa nzima, kijiti chembamba kiasi kile kitaiweza wapi? Tumia keekee ya mkono wa kushoto, inayokata ikizunguka upande wa kufungulia, piga alama katikati kabisa, mwendo mdogo, mafuta mengi. Mara nyingi inatoka yenyewe ukiwa unatoboa.

Msasa80
Nilipiga alama. Hukuwepo.

Dizeli Tupu
Na ninyi wa moto moto muwe mnauliza hedi ni ya madini gani. Alumini inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 na haikupi wekundu wa kukuonya. Unaona imetulia, ghafla imeanguka sakafuni.

Fundi Shaba
Ametaja mwaka na injini. Hedi za namna hiyo karibu zote ni kasti, chuma cha kusubu. Ila umesema kweli, athibitishe kwa sumaku, alumini haishikwi.

Mama Gereji
Acheni ubishi kidogo. Kijana, kabla hujachomelea, umesafisha kwa kitu gani? Mimi nilipuliza dawa ya kusafishia breki, nikapangusa juu juu, nikawasha mashine. Tone lilikuwa limebaki kwenye kibonyeo. Ukatoka moshi mweupe mdogo, nikauvuta mara moja tu. Nikakohoa, nikaendelea na kazi. Usiku nikaamka kifua kimefungwa, pumzi haishuki, wanangu wananikimbiza hospitali. Daktari alinieleza: dawa yenye klorini ikikutana na moto wa kuchomelea inazaa fosijini, gesi ile ile iliyoua askari Vita ya Kwanza ya Dunia. Inaweza kukaa saa nyingi ndipo ikushike. Safisha kwa brashi ya waya, na ukitumia asetoni iache ikauke kabisa na chupa uipeleke mbali. Nati yenye zinki nayo isugue kwanza, moshi wake unaleta homa.

Keekee
Mama, mapafu yamerudi sawa?

Mama Gereji
Ngazi bado zinanichosha.

Dizeli Tupu
Nimeenda kusoma kopo langu sasa hivi. Lina klorini. Miaka yote hii.

Nyundo Nzito
Kuhusu rangi, usijisumbue. Kasti inavaa kutu ya juu na kuishi nayo.

Keekee
Apake, ni lori la baba yake. Rangi ya joto kali, ile ya nyuzijoto 650. Sugua mpaka chuma cheupe, futa kwa asetoni, usiguse tena kwa vidole. Mikono myembamba mitatu. Uso wa gasketi usiuguse. Kisha ipikwe polepole: injini dakika kumi ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ipoe kabisa, ishirini, ipoe, ndipo uibebeshe mzigo. Itatoa moshi na harufu, fanyia nje.

Lori la Mzee
Sumaku imeshika, ni kasti. Mama, nilikuwa nimeshapuliza ile dawa. Nimesugua upya, nimelaza injini wazi usiku kucha, nimechomelea leo mlango ukiwa wazi. Nati mbili zilikatika. Ya tatu ililia, kwii. Kisiki kiko hapa mezani, bado kina nta. Nasafisha nyuzi kwa tepu ya kukatia nyuzi, kesho napaka mkono wa kwanza.

Fundi Shaba
Stadi mpya zipake grisi ya shaba, na usizikaze kwa nguvu ile ile ya stadi kavu isiyo na grisi.