MJADALA: Mama aliyejifungua akipata sonona, tumtafutie dawa au tumtafutie watu?

Mleta mada (Minnesota)

Habari zenu ndugu zangu. Jambo hili limetugawa juzi kwenye kikao cha akina mama huku Marekani, na nimerudi nyumbani na dukuduku. Sonona inayompata mama akishajifungua ni ugonjwa wa mwili, au ni upweke tu tulioupa jina la hospitali? Wengi kikaoni walisema ni upweke. Wakasema nyumbani, kwenye bibi na mashangazi, haya mambo hayapo.

Mimi yalinikuta nyumbani. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa Tanga, mwaka 2014, na sikukosa mtu. Bibi alinikanda maji ya moto asubuhi na jioni, mkaja ukafungwa, uji wa pilipili manga ukaja kabla sijauomba. Siku ya sita nikawa namtazama mwanangu kama mtoto wa jirani. Yeye analala, mimi nahesabu boriti za dari mpaka adhana ya alfajiri. Nikaambiwa sina shukrani. Wengine wakasema nina jini.

Nilichokuja kujifunza ni hiki. Ubongo una steroidi zake, yaani kemikali za jamii ya homoni. Mwaka 1981, Étienne-Émile Baulieu na wenzake wa Ufaransa walizikuta kwenye ubongo wa panya hata baada ya panya hao kutolewa tezi zilizodhaniwa kuwa ndizo chanzo. Mojawapo ya steroidi za namna hii ni alopregnanoloni, inayotokana na projesteroni, homoni ya mimba. Juu ya seli za neva kuna vilango vinavyofunguliwa na kemikali iitwayo GABA. Kilango kikifunguka, kloridi inaingia na seli inatulia. Alopregnanoloni inafanya kilango kikae wazi kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo ni kama breki ya ubongo. Mimba ikikaribia mwisho inakuwa nyingi mno mwilini. Kondo la nyuma likishatoka, inaporomoka ndani ya siku chache.

Sasa sikilizeni jaribio hili. Mwaka 2000 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walitoa matokeo ya wanawake 16, hakuna hata mmoja mwenye mimba. Wanane waliwahi kuugua sonona ya uzazi, wanane hawakuwahi. Wote walipandishiwa homoni za estrojeni na projesteroni kama za mjamzito, kisha zikaondolewa bila wao kujua ni lini. Hakukuwa na uchungu, hakukuwa na kichanga kipya, hakukuwa na maneno ya mama mkwe. Kati ya wale waliowahi kuugua, watano walipata dalili tena homoni zilipoondolewa. Kwa wale wengine, hakuna hata mmoja.

Nikisoma hapo nalia mpaka leo. Kumbe sikuwa mtu mbaya.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kidonge kinachofanya kazi kwenye vilango hivyo hivyo, zuranoloni, cha kumeza jioni kwa siku 14. Nasema akina mama wetu nao wana haki nacho. Karibuni.

Baba Mapacha (Nairobi)

Pole sana dada kwa yaliyokupata. Lakini kisa cha mtu mmoja hakitoshi, na hizo dawa nimezifuatilia. Kidonge hicho kilitoka kwa bei ya dola 15,900 kwa siku hizo 14. Dripu ya dawa ya aina hiyo iliyotangulia mwaka 2019 ilikuwa dola 34,000, na mama alilazwa saa 60 akichungwa asije akapoteza fahamu.

Na faida yake je? Katika jaribio kubwa la kidonge, waliopewa dawa walishuka alama 15.6 kwenye kipimo cha sonona siku ya 15. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walishuka 11.6. Tofauti ipo, siikatai. Ila angalia hao wa pili: kuna mtu aliwaita, akawauliza hali zao, akawasikiliza, nao wakapata nafuu kubwa.

Kule Pakistan vijijini, wahudumu wa afya wa jamii, wasio madaktari, walifundishwa kukaa na mama mwenye sonona na kuzungumza naye kwa utaratibu maalumu. Matokeo yalitoka 2008: baada ya miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, na wale ambao hawakupata mazungumzo hayo asilimia 53. Mimi pesa yangu naiweka hapo.

Ustadh (Mombasa)

Dua hainyimi mtu dawa. Anayemwambia mzazi ana jini ilhali hajampeleka hospitali anamdhulumu. Hilo tu.

Mkunga wa Mtwara

Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, naomba niseme la huku chini. Hicho kidonge kinaleta usingizi. Anayekimeza haruhusiwi kuendesha gari kwa saa 12. Kwenye jaribio, akina mama walisimamisha kunyonyesha mpaka wiki moja baada ya dozi ya mwisho. Mama yangu wa kijijini asiyeweza kununua maziwa ya kopo, wiki tatu atampa nini mtoto? Fluoksetini, dawa ya sonona ya siku nyingi, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na ni rahisi, japo inachukua wiki kadhaa kufanya kazi.

Tatizo langu liko kabla ya dawa. Siku ya saba mama anakuja. Tunapima presha, tunaangalia kidonda, tunaangalia kitovu cha mtoto. Foleni ni ndefu, anaondoka. Nimejizoesha kumuuliza swali moja anapofunga kanga: mtoto akilala, na wewe usingizi unakuja? Wapo wanaonyamaza, na hapo ndipo namwambia akae.

Mleta mada

Baba Mapacha, ya Pakistan nimeyapokea kwa moyo mmoja, na bei hiyo inaniumiza kama inavyokuumiza wewe. Ila usiyafanye mazungumzo kuwa ushahidi kwamba mwili hauumwi. Mwenye presha hushauriwa kupunguza chumvi, na bado presha yake ni ugonjwa. Mimi bibi yangu alikuwepo, alinipenda, na breki ilikatika vilevile. Laiti angejua jina la kilichonipata, asingelia usiku akidhani amekosea kunilea.

Mkunga, la kunyonyesha sikulifikiria, umenirudisha nyuma. Na hilo swali lako, mwaka 2014 hakuna aliyeniuliza. Ningekujibu hapana.