Re: Shukrani kwa watoto na walimu wa muziki Dar: tubebe nini?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Kwa swali lenu la mbebe nini kuwashukuru watoto na walimu wa muziki wa Dar: fidla msibebe. Bebeni nyuzi zake. Kati ya nyuzi nne za fidla, ule unaoitwa E ndio mwembamba kuliko wenzake na ndio unaokatika mapema, kwa hiyo kwa kila seti kamili ongezeni E mbili za peke yake. Kabla ya kununua, mwalimu aulizwe saizi. Watoto hutumia fidla za 1/4, 1/2 na 3/4. Uzi wa 4/4, yaani wa fidla ya mtu mzima, ukifungwa kwenye ya 1/2 unalegea na sauti inakuwa butu. Juu ya pakiti andikeni kwa kalamu: badilisha uzi mmoja mmoja. Zikitolewa zote nne kwa mkupuo, daraja (kibao kinachoinua nyuzi) linaanguka, na kile kijiti kilichosimama ndani kinaweza kulala. Kukisimamisha tena ni kazi ya fundi mwenye chuma chake maalumu.

Rozini, ule utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde, nayo isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani Kariakoo. Inalainika na kugandana na kitambaa chake.

---

Marahaba, mdogo wangu. Naongezea la vinanda vya umeme, hasa kwa mlioko Marekani. Someni maandishi ya adapta: ikiandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa 230V utaiunguza siku ya kwanza. Kubadili plagi hakubadili umeme. Iliyoandikwa 100–240V haina neno. Walio Uingereza wamepona, hata plagi ni ileile ya pini tatu bapa.

Wapiga klarineti wanaoanza wapelekewe ridi (kile kipande chembamba cha mwanzi cha kupulizia) namba 2. Namba 4 ni ngumu. Mtoto atapuliza mpaka mashavu yaume, utoke upepo mtupu.

---

Dada na kaka, vifaa ni vifaa, lakini asante yenyewe bado haijasemwa.

Asante ya mwalimu iende kwa mwalimu moja kwa moja, asipewe mtoto aipeleke. Mkituma pesa kwa simu, wekeni na ada ya kutolea, na jina linalotokea lilinganishwe na lake kabla ya kubonyeza namba ya siri.

Kwa watoto, "hongereni sana" ya jumla inapita tu. Kila kadi iwe na jina la mtoto na kitu kimoja alichokifanya kweli: alihesabu kimya cha mapigo manne akaingia mahali pake, au alimshikia mwenzake karatasi za nota feni ilipozipeperusha. Hayo mwalimu anayajua, mwombeni awatajie. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, maana utachezwa kwenye spika ya simu darasani huku bajaji zinapita nje. Video za watoto zisirushwe mitandaoni kabla wazazi hawajakubali.

Msipange Juni wala Desemba, shule zinafungwa. Na orodha ya majina ihakikiwe mara mbili, waliobeba viti wakiwemo. Kadi ikipungua moja, aliyekosa atailia mbele ya wenzake.