James Mwangi wa Equity: mjasiriamali au mwajiriwa hodari?

Mtoa mada:
Mwaka 2012, kule Monte Carlo, James Mwangi, mkuu wa benki ya Equity ya Kenya, alitunukiwa na kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Ernst & Young tuzo ya mjasiriamali bora wa dunia. Tuzo hiyo hunikwaza. Equity ilianzishwa 1984 na kina Peter Munga, Murang'a, ikikopesha watu pesa za kujenga nyumba. Mwangi aliingia 1993, tena kwa kuajiriwa. Mjasiriamali si yule aliyeanzisha? Semeni.

Mchangiaji wa kwanza:
Aliyeanzisha nini, ndugu? Mwaka huo wa 1993 Benki Kuu ilishatamka kwamba Equity imefilisika. Zaidi ya nusu ya mikopo ilikuwa hailipwi. Na mkumbuke hali ya miaka ile: benki kubwa zilidai salio la chini ambalo mkulima mdogo hawezi kulifikia, kisha zikafunga matawi ya mashambani. Equity ikaenda kuwaokota haohao waliofukuzwa. Ikaachana na nyumba, ikamfuata mchuma chai na mama wa sokoni, hata ikatuma magari yawe matawi ya benki barabarani. Kufikia 2004 ni benki kamili, 2006 iko soko la hisa la Nairobi. Kama huko si kuanzisha upya, basi sijui.

Mtoa mada:
Kazi siikatai, nauliza ya nani. Waanzilishi ndio waliomwita. Munga alibaki mwenyekiti wa bodi miaka mingi. Wateja na wafanyakazi walitoa pesa zao wakanunua hisa za nyumba iliyokuwa inaungua! Mbona hao hawakupelekwa Monte Carlo?

Mchangiaji wa pili:
Nyote mnagombania kikombe. Mimi naangalia mkopaji. Sheria ya 2016 ilipoweka kikomo cha riba, asilimia 4 tu juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu, benki zilimkimbia mfanyabiashara mdogo zikaenda kuikopesha serikali. Equity nayo ilikuwemo. Kikomo kilidumu hadi 2019.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo umenibana, nakiri. Ila kwa kikomo kile, mkopo wa mama asiye na dhamana ungelipwa na nani ukipotea? Pesa anazokopeshwa ni akiba ya mama mwingine.

Mchangiaji wa pili:
Pesa za 1993 pia zilikuwa akiba ya mama mwingine. Na bado Equity ilimkopesha mama wa sokoni.