Naomba ushauri: taasisi ya familia inayotoa misaada, tuiendeeje?

Wakuu, habari zenu. Tupo Chicago, tuna kikundi cha watoto. Jumamosi wanajifunza Kiswahili, ngoma na kuimba. Usajili tunao, hadhi ya 501(c)(3), yaani shirika la hisani lililosamehewa kodi ya mapato Marekani, tunayo. Kinachotumaliza ni kodi ya ukumbi.

Kuna taasisi ya familia moja hapa inayotoa hela kwa sanaa, elimu na shughuli za Wayahudi. Nimepekua fomu yao ya 990-PF, ile ripoti ya kila mwaka ya taasisi binafsi kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, ambayo kisheria iko wazi kwa yeyote na inaonyesha nani kapewa dola ngapi. Humo kuna kumbi za muziki, shule, masinagogi. Shida ni kile kiboksi walichokitiki: wanawapa waliowachagua wenyewe tu, maombi ya kubisha hodi hawapokei.

Mwenzangu anasema tuandike hivyo hivyo, maana sheria inawabana watoe kama asilimia 5 ya mali yao kila mwaka. Mimi naona barua itaishia kwenye pipa. Bora tushirikiane na mmoja wa wanaopewa, mfano ile shule ya muziki jirani, tufanye onyesho pamoja, wao ndio watutaje.

Jingine: wengi wetu ni Waislamu na Wakristo. Tuliseme waziwazi? Julius Rosenwald, tajiri Myahudi wa zamani wa hapahapa Chicago, mfuko wake ulisaidia kujenga shule karibu 5,000 za watoto weusi kusini mwa Marekani, kwa hiyo dini sioni kama kikwazo. Ila yeye alitaka wenyeji nao wachangie, na sisi mfuko wetu ni sambusa za kuuza.

Aliyewahi kupewa na taasisi za aina hii, ulianzia wapi? Na mara ya kwanza uliomba kiasi gani?