Pesimeka na maikrowevu jikoni: hatari hasa iko wapi?

Mangi_Kiborloni
Wakuu, naomba msaada wa kitaalamu. Mama mmoja anayepika mgahawani karibu na stendi kuu hapa Moshi amewekewa pesimeka, kile kifaa cha betri kinachosaidia moyo kupiga, upande wa kushoto chini ya mtulinga. Jikoni kuna maikrowevu ya mtumba ya wati 800, mlango unacheza kidogo, na mwenye mgahawa anataka kuongeza jiko la indaksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa sumaku. Majirani wamemtisha kwamba akiisogelea maikrowevu betri itazima na moyo usimame. Wengine wanasema mionzi inamwivisha nyama za ndani polepole. Ukweli ni upi, na akae umbali gani? Ana pia sahani ya chuma na skrubu mguuni, alivunjika zamani.

Vipimo_Njiro
Mkuu, mionzi hii haiko kundi moja na ya eksirei. Maikrowevu ya jikoni hutumia masafa ya gigahezi 2.45. Nishati inayohitajika kung'oa elektroni kwenye atomu ni kubwa kuliko ya fotoni yake moja (chembe moja ya mawimbi hayo) kwa takriban mara milioni. Kinachofanyika ni kupasha joto tu, na madhara huja pale joto linapozidi uwezo wa damu kulipoza. Ndiyo maana jicho huangaliwa kwanza, kwa kuwa lenzi haina mishipa ya damu, kisha korodani. Wanyama wa maabara walipata mtoto wa jicho kwenye viwango vya zaidi ya miliwati 100 kwa sentimita ya mraba, tena kwa muda mrefu. Kiwango cha juu cha uvujaji kinachokubalika kwa maikrowevu ni miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, kikipimwa sentimita 5 kutoka mlangoni. Ukirudi nyuma hadi sentimita 50 inabaki kama sehemu moja ya mia. Na ikizimwa mionzi imekwisha papo hapo, chakula hakibaki nayo.

Tafadhali msitumie ile mbinu ya kufungia simu ndani na kuipigia. Simu hunasa mawimbi dhaifu mno, kwa hiyo inaweza kuita hata ndani ya maikrowevu nzima kabisa. Kupima kwa kweli ni hivi: glasi yenye maji mililita 275 katikati ya sahani, washa nguvu ya juu, kisha pitisha kipimo cha uvujaji kilichohakikiwa taratibu kuzunguka kingo zote za mlango na kioo, ukishika umbali wa sentimita 5. Tume ya Nguvu za Atomiki wako Njiro, Arusha, waulizeni utaratibu.

Vifaatiba_Moshi
Vipimo amemaliza upande wa mwili. Kuhusu pesimeka: kopo lake ni la titani na linazuia mawimbi, pale nyaya zinapoingilia kuna vichujio vya masafa ya juu, na nyaya nyingi za sasa zina ncha mbili zilizo karibu karibu, kwa hiyo haziwi antena nzuri. Hofu ya maikrowevu tumeirithi kutoka pesimeka za zamani ambazo hazikuwa na kinga hiyo. Maikrowevu nzima haimdhuru, akae tu urefu wa mkono na asiegemeze kifua mlangoni.

Hata kelele za umeme zikiingia, betri haizimi. Kifaa kinaweza kudhani kelele ni mapigo ya moyo, kikanyamaza, na mtu anayekitegemea akapata kizunguzungu. Au kinajigeuza na kupiga kwa mwendo usiobadilika. Akisogea mbali, kinarudi kawaida.

Mimi nahofia zaidi hilo jiko la indaksheni. Koili yake inatoa uga mkali wa sumaku, na ushauri wa watengenezaji wa pesimeka ni sentimita 60 kati ya jiko na kifaa. Mpishi anayeinamia sufuria hapati sentimita 60! Sufuria ndogo kuliko duara la jiko, au iliyokaa upande, huongeza uvujaji, na kijiko cha chuma kinaweza kupitisha mkondo mdogo hadi mkononi. Mwenye mgahawa abaki na gesi.

Jambo la pili ni simu. Akina mama wengi huiweka kwenye sidiria, na mara nyingi ni kushoto. Aache kabisa. Iwe sentimita 15 kutoka kwenye kifaa na asikilizie sikio la kulia. Zile zenye duara la sumaku mgongoni, pamoja na spika za redio, ndizo za kuangaliwa zaidi, maana sumaku huilazimisha pesimeka kupiga kwa mwendo mmoja. Kwa mwenye kifaa cha kushtua moyo ni mbaya zaidi: sumaku inaweza kukizuia kisimshtue anapohitaji.

Fundi_Ngarenaro
Mlango unaocheza ndio wa kushughulikia leo. Nyuma ya ndoano za mlango kuna swichi tatu: mbili zinakata umeme, ya tatu inalinda. Zile mbili zikiganda mlango ukiwa wazi, ya tatu inapiga shoti kwa makusudi ili fyuzi iungue. Sasa kuna mafundi ambao fyuzi ikiungua mara mbili wanaiondoa hiyo ya tatu, au wanaunga swichi moja kwa moja. Mashine hiyo inaweza kuwaka mlango ukiwa wazi, na hapo ndipo mtu anaungua kweli.

Jaribio: weka maji, washa, fungua mlango. Isipozima palepale, chomoa, isitumike tena. Kagua bawaba, ndoano, kutu na mafuta yaliyoganda kwenye kingo. Msifungue boksi wenyewe, kapasita (kifaa cha ndani kinachohifadhi umeme) inaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa.

Mangi_Kiborloni
Asanteni sana wakuu. Na vyuma vya mguuni? Ameandikiwa fiziotherapi ya goti.

Vifaatiba_Moshi
Kwa maikrowevu ya jikoni, sahani na skrubu hazina shida yoyote. Lakini fiziotherapi hiyo aulize ni ya mashine gani kabla hajalala kitandani. Diathemia, yaani tiba ya kupasha joto ndani ya mwili, ya mawimbi mafupi au ya maikrowevu, inaelekeza nishati mwilini kwa makusudi. Waya wa pesimeka unaikusanya na kuipeleka kwenye ncha iliyogusa moyo, ambako tishu zinaweza kuungua, hata kama anayetibiwa ni goti na hata pesimeka ikiwa imezimwa. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wenye nyaya za kichocheo cha ubongo kufariki kwa sababu hiyo. Amwonyeshe mtaalamu kadi ya pesimeka na aseme wazi: diathemia hapana. Mazoezi na barafu ni sawa. Kadi hiyo atembee nayo kila siku, hata pale uwanja wa ndege wa KIA kwenye ukaguzi. Apite mlango wa kukagulia bila kusimama, na kile kirungu cha mkononi kisishikiliwe juu ya kifua.